Mkaguzi wa msimbo akichelewa, tazama ulichomtumia
Kama mko waandishi wa programu watatu Kisumu, na mkaguzi wenu, yaani anayesoma msimbo (maandishi ya programu) kabla haujaingizwa, yuko Nakuru, usimtumie mabadiliko ya mistari 900 Ijumaa jioni halafu Jumatatu ulalamike hajayagusa. Akiyagusa ataandika tu "iko sawa", na hilo ni baya zaidi.

Kata vipande vya mistari 200 hivi. Kubadilisha majina na kusogeza nafasi tupu kwenye mistari kuende peke yake, mantiki mpya peke yake. Ukiwa umeshachanganya, amri ya `git add -p` (ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo) itakuuliza kipande kwa kipande kipi kiingie.

Kinachopotea kwenye rundo ni kitu kama hiki: sharti linalokubali namba za simu zinazoanza na 07 pekee. Mwenye laini ya 0110 akitaka kulipa kwa M-Pesa, fomu inamkataa. Mstari wenyewe ni mmoja, umezama katikati ya mamia yaliyosogezwa nafasi tu.

Ubishi wa nafasi na alama za nukuu waachieni programu ya kupanga msimbo, iendeshwe kabla ya kutuma. Mtu mzima kubishania nukta mkato, jamani! Maoni yakifika raundi ya tatu bila kuelewana, pigianeni simu dakika 10, kisha andikeni mlichokubaliana palepale.