SOMO: Kupandikiza nywele – jinsi ya kumchagua daktari, na nini hasa utegemee

Wakuu, salaam.

Tangu niweke picha za kichwa changu cha kabla na baada, ujumbe ninaopokea ni ule ule: "Kliniki gani, na bei gani?" Nawaelewa, na mimi nilianzia hapo hapo, na kuanzia hapo ndiko kulikoniponza. Somo hili nimeliandika ili mtu mmoja wenu angalau aanze na maswali mengine mawili: nani atashika kifaa, na kisogo chako kina akiba kiasi gani.

Nilikuwa na miaka 34 nilipopanda ndege ya Dar kwenda Istanbul, Uturuki. Kliniki niliipata mtandaoni: hoteli ndani ya bei, gari la kunipokea uwanjani, picha nzuri za watu wenye nywele za singa. Daktari nilimwona dakika tano. Alichora mstari kwenye paji langu kwa kalamu, akatabasamu, akatoka. Kazi yote ilifanywa na vijana watatu ambao mpaka leo sijui majina yao wala walisomea nini. Nikaambiwa vimetolewa vipandikizi 3,800, yaani vifungu vidogo vya nywele pamoja na mizizi yake. Baada ya mwaka, mbele palikuwa na nywele za kuhesabika, na kisogo kilikuwa na mabaka kama shati lililoliwa na mende. Nilitumia miaka miwili kutafuta mtu wa kunirekebisha, na mengi ya hapa chini nimejifunza kwake.

Hatua ya 1: Ujue upara wako ni wa aina gani

Usimwone mpandikizaji kabla ya daktari wa ngozi. Nywele hupotea kwa sababu nyingi: kurithi, upungufu wa madini ya chuma, tezi ya shingo, kujifungua, mapunye, misuko inayovuta, na magonjwa yanayoua mzizi na kuacha kovu. Ukipandikiza juu ya ugonjwa ambao bado unawaka, unapanda mbegu kwenye shamba linaloungua.

Kupandikiza kunafaa zaidi kwa upara wa kurithi, ule unaoanzia mbele na utosini. Homoni inayoitwa DHT hunyong'onyeza mizizi ya sehemu hizo, lakini ya kisogoni na ubavuni huistahimili. Daktari Norman Orentreich wa New York alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba nywele ya kisogo ukiihamishia mbele hubaki na tabia ya kisogo. Kazi nzima imesimama juu ya jambo hilo moja.

Madaktari wa ngozi tunao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachowafundisha tangu 1992, na waliosomea hapo wametawanyika nchi nyingi za Afrika. Uchunguzi wa ngozi ya kichwa, pamoja na kukata kinyama kidogo cha kupima ikibidi, ni gharama ndogo sana ukilinganisha na tiketi ya ndege.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kisogo

Hapa ndipo watu wanapodanganywa. Kupandikiza hakuzalishi nywele mpya. Ni kuhamisha zilizopo, na panapotolewa mzizi hapaoti tena.

Chukua karatasi. Upara mkubwa, wa mbele hadi utosini, unaweza kufika sentimita za mraba 200. Ukitaka vipandikizi 40 kwa kila sentimita ya mraba, unahitaji 8,000. Kisogo cha watu wengi hakitoi zaidi ya 4,000 hadi 6,000 kwa maisha yote, na sisi wenye nywele za kipilipili mara nyingi tuna pungufu ya hapo, kwa sababu mizizi yetu imekaa mbalimbali zaidi. Kwa hiyo mwenye upara mkubwa lazima achague: mbele papendeze na utosi ubaki mwepesi, au kote pawe pepesi kidogo. Anayekuahidi kichwa cha ulipokuwa na miaka 18 hajapiga hesabu hiyo, au ameipiga akanyamaza.

Faida tuliyonayo ni kwamba nywele iliyojikunja hufunika ngozi kuliko iliyonyooka. Vipandikizi 2,000 vilivyofika salama kwenye kichwa cha Mwafrika vinaweza kuonekana vingi kuliko idadi hiyo hiyo kwenye nywele za singa.

Hatua ya 3: Mchuje daktari

Siku ya marekebisho, yule daktari wa pili alitoa mizizi michache tu kwanza, akaiweka juu ya shashi iliyoloweshwa, akanipa lenzi niangalie. Mzizi wangu ulikuwa umejikunja kama ndoana. Juu ya ngozi nywele inaelekea upande mmoja, chini inapinda kuelekea mwingine. Kifaa cha kutolea ni mrija mdogo wenye makali, kipenyo chake takriban milimita moja. Ukiusukuma moja kwa moja kama unavyofanya kwa nywele iliyonyooka, unakata mzizi katikati. Kwenye shashi ile kulikuwa na mmoja uliokatika: nywele juu, chini hakuna kitu. Akaniambia, "Huu haurudi kisogoni na hauoti mbele." Kisha akabadilisha mrija, akageuza pembe ya mkono, na iliyofuata ikatoka mizima. Nilifikiria 3,800 zangu za Istanbul, nikakaa kimya muda mrefu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari yeyote, awe Nairobi, Istanbul au London: umeshafanya vichwa vingapi vya nywele kama zangu? Mwambie akuonyeshe. Usikubali picha za mbele tu. Omba za kisogo, nywele zikiwa zimenyolewa fupi, mwaka mmoja baada ya kazi. Picha ya kisogo haijui kusema uongo. Uliza pia kama atakufanyia jaribio dogo kwanza, mizizi michache tu, aone inavyotoka na kovu linavyokaa. Mzoefu hataudhika.

La pili: nani atafanya nini? Kudunga ganzi, kutoa mizizi, kutoboa vitundu vya kupandia. Fundi msaidizi kusafisha na kupanga mizizi chini ya darubini, au hata kuipachika, ni jambo la kawaida. Lakini kuamua mstari na kukata ngozi ni kazi ya daktari. Chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hii, ISHRS, kilichoanzishwa 1993, kimekuwa kikionya juu ya kliniki ambazo jina la daktari liko ukutani tu huku wasio na leseni wakifanya upasuaji. Jibu lipate kwa maandishi, na jina la daktari liwemo.

Leseni ni rahisi kuhakiki. Kenya kuna Baraza la Madaktari, KMPDC. Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa Uturuki, kliniki inayopokea wageni inatakiwa iwe na kibali cha utalii wa afya cha Wizara ya Afya ya huko, omba nakala. Sisemi msiende Istanbul. Kuna madaktari wazuri sana kule, na ni watu wa kuheshimiwa. Tatizo ni kuchagua kwa hoteli.

Ukisikia "idadi isiyo na kikomo", "uhakika asilimia mia", "punguzo linaisha leo", au mtu akikupa idadi ya vipandikizi kwa picha ya WhatsApp bila kukugusa kichwa, ondoka.

Hatua ya 4: Dawa

Kupandikiza hakuzuii nywele zako nyingine kuendelea kupukutika. Ndiyo maana daktari makini atazungumzia finasteraidi, inayoshusha ile homoni ya DHT, na minoksidili, inayochochea nywele kuota. Finasteraidi wachache huwapunguzia hamu ya tendo la ndoa au kuwaletea huzuni, na mjamzito haruhusiwi hata kushika kidonge kilichovunjika. Minoksidili ukiiacha, faida yake inakwenda nayo. Usijinunulie dukani kimya kimya.

Hatua ya 5: Mwaka wa kungoja

Siku za kwanza unalala umeegemea mito, unanyunyizia maji ya chumvi. Vigaga vinaanguka kwenye siku ya 10 hivi. Kisha, kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele zilizopandwa zinadondoka karibu zote. Wengi hulia hapa wakidhani wametapeliwa. Mzizi upo, umelala. Mwezi wa 3 au wa 4 vinaanza kuchomoza vinyweleo vyembamba, mwezi wa 6 unaona sura, mwezi wa 12 ndipo unahukumu. Utosi unaweza kuchukua hadi 18.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nina miaka 22, pembeni pameanza kurudi nyuma. Nifanye sasa kabla hapajaisha?*

Hapana, mdogo wangu. Upara wako haujaonyesha unaelekea wapi. Ukishusha mstari sasa, ukifika 35 utabaki na kisiwa cha nywele mbele na uwanja mtupu nyuma yake, na kisogo kimeshatumika. Onana na daktari wa ngozi, zungumzeni dawa, piga picha kila baada ya miezi sita.

*Kaka, mimi ni mwanamke, nywele za mbele zimekatika kwa rasta za kubana. Inawezekana?*

Inawezekana, dada, na matokeo huwa mazuri, ila misuko ya kuvuta lazima iwe imekoma kabisa. Kama tatizo halijakaa muda mrefu, nywele zinaweza hata kurudi zenyewe. Lakini kama upungufu umeanzia utosini na unatanuka, na ngozi inawasha au kuungua, hiyo inaweza kuwa hali nyingine inayoacha kovu, na inawapata zaidi wanawake weusi. Hiyo ipimwe na itulizwe kwanza. Madaktari wengi husubiri itulie mwaka au zaidi ndipo wapandikize.

*Nina vipele vya kisogoni vilivyogeuka vinundu, na kidonda kikipona huwa kinavimba.*

Mwambie daktari kabla ya jambo lolote. Vinundu hivyo viko pale pale tunapochukulia mizizi, na mwenye asili ya makovu ya kuvimba yuko hatarini zaidi. Kwako jaribio dogo na kungoja miezi kadhaa si hiari. Ile njia nyingine ya kutoa mizizi, ya kukata ukanda wa ngozi ya kisogo na kushona, usiiguse.

*Kaka yangu wa tumbo moja ana nywele nyingi. Siwezi kuchukua zake?*

Mwili wako utazikataa kama unavyokataa figo ya mgeni, labda mwe mapacha wa kufanana.

*Mzee wangu ana miaka 60, ameanza finasteraidi. Kuna la kuangalia?*

Ndiyo. Dawa hiyo hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kwa karibu nusu. Akienda kupima lazima amwambie daktari, la sivyo majibu yataonekana mazuri kuliko yalivyo.

*Sheikh, na swala? Na je, hii si kuunga nywele kulikokatazwa?*

La hukumu muulize mwanachuoni wako. Wanaoruhusu husema hizi ni nywele zako mwenyewe, na zinaota. La swala niliwauliza wote wawili, daktari na imamu wa mtaani kwetu. Daktari alinikataza kuinamisha kichwa na kugusisha paji la uso chini siku 10 za mwanzo, maana kipandikizi kinang'oka kwa msuguano mdogo tu. Imamu akaniambia mgonjwa huswali kwa ishara, amekaa. Niliswali kwenye kiti, na sijda yangu ya kwanza sakafuni ilikuwa siku ya 12, juu ya kitambaa laini, taratibu.