Kubakapu kompyuta nzima kwenye diski ya nje kwa Clonezilla

Dada mmoja mwenye steshenari aliniambia hana wasiwasi, mafaili yake yote yako kwenye flashi. Ni kweli, barua na mitihani ya shule anazochapia vilikuwa humo. Ila kompyuta yake si barua tu. Ndani kuna draiva ya printa ambayo siku hizi haipatikani kirahisi, programu ya picha za pasipoti aliyokwisha kuipanga vipimo, fonti, programu ya hesabu za duka na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Diski ikifa, kupiga Windows upya ni kazi ya saa moja. Kurudisha hayo mengine ni siku nzima na bando la kutosha.

Dawa yake ni imeji: nakala ya diski yote, Windows na kila kilichomo, unayoweza kuirudisha kwenye diski mpya na kompyuta ikawaka kama ilivyokuwa. Mimi natumia Clonezilla. Ni ya bure, inatengenezwa na kituo cha NCHC cha Taiwan, na inafanya kazi Windows ikiwa imezimwa, kwa hiyo hakuna faili linalobadilika katikati ya kunakili. Windows ina chombo chake cha zamani ndani ya Control Panel, lakini Microsoft yenyewe ilitangaza mwaka 2017 kwamba haikiendelezi tena, nami simwekei mteja kitu cha namna hiyo. Programu za kulipia zilizokrakiwa ndiyo usiniulize kabisa. Huwezi kumkabidhi diski yako yote mtu usiyemjua.

Hatua ya 1: Vifaa

Unahitaji diski ya nje, na flashi ndogo ya kuwashia Clonezilla. Pakua ISO ya Clonezilla (faili moja lenye programu nzima), ile ya amd64 yaani ya kompyuta za biti 64, fungua Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwashia, chagua ISO, bonyeza Start. Vilivyomo kwenye flashi vitafutika.

Diski ya nje ya kawaida ya TB 1 inatosha sana, maana Clonezilla inanakili sehemu zenye data tu na kuzibana. Usiweke imeji kwenye flashi, hasa zile za "2TB" zinazouzwa mitaani kwa elfu kumi. Nyingi zimedanganywa ukubwa: zinapokea data bila kulalamika, na siku ya kurudisha unakuta hakuna kitu. Kama una shaka na diski au flashi yoyote, ipime kwanza kwa programu ya H2testw.

Ifomati diski ya nje kwa NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili. exFAT nayo inakubali, lakini haina kumbukumbu ya mabadiliko, kwa hiyo umeme ukikatika au waya ukichomoka katikati, ni rahisi kuharibika. Chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lile la bluu. Kwenye USB 2 utapata kama MB 35 kwa sekunde, na hapo imeji ya GB 60 inakula karibu nusu saa kwa kuandika tu.

Hatua ya 2: Zima Windows kwelikweli, na uangalie BitLocker

Hapa ndipo watu wanapoteza mchana mzima, kwa hiyo soma polepole.

Tangu Windows 8, ukibofya Shut down kompyuta haizimiki kabisa. Windows inahifadhi sehemu ya kazi yake kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iwake haraka. Ndiyo hiyo Fast Startup. Kwa Clonezilla, diski ya namna hiyo bado "iko kazini": itakataa kuinakili, au itakuambia NTFS haikufungwa vizuri. Na si diski ya ndani peke yake. Hata diski ya nje ukiiacha imechomekwa wakati unazima, inaweza kukataliwa kwa sababu hiyohiyo.

Njia ya haraka ni kushikilia Shift huku ukibofya Shut down. Mimi siipendi, kwa sababu mtu husahau. Fungua Command Prompt kama administrator uandike:

powercfg /h off

Amri hii inazima Fast Startup na kulifuta faili la hiberfil.sys, ambalo mara nyingi lina GB kadhaa, kwa hiyo na imeji inapungua. Hasara yake ni kwamba hutaweza tena kuilaza kompyuta kwa Hibernate. Kama ni laptopu yenye betri mbovu na unaitegemea Hibernate, ukimaliza kazi irudishe kwa powercfg /h on.

Kabla ya kuzima, angalia pia kama Windows ina masasisho yanayosubiri. Ukiona "Update and shut down", maliza masasisho kwanza, iwake tena, ndipo uzime. Imeji ya Windows iliyo katikati ya sasisho itakurudishia Windows iliyo katikati ya sasisho.

Sasa BitLocker, yaani kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 zinakuja diski ikiwa imesimbwa tayari, na mwenye laptopu hajui. Clonezilla haiwezi kuona ndani ya patisheni (sehemu ya diski, kama C:) iliyosimbwa, kwa hiyo inanakili kila sekta, tupu kwa iliyojaa. Data iliyosimbwa nayo haibaniki. Matokeo yake, diski ya GB 512 yenye kazi ya GB 80 inaweza kukupa imeji ya hadi karibu GB 500, baada ya kusubiri kwa masaa. Andika:

manage-bde -status C:

Usidanganyike na mstari wa Protection Status. Unaweza kusomeka "Protection Off" na diski bado ikawa imesimbwa. Hali hii hutokea kwenye laptopu ambayo mwenyewe hajaingia kwa akaunti ya Microsoft: usimbaji umeshafanyika, kufuli ndiyo bado haijafungwa. Mstari wa kuangalia ni Conversion Status. Ukisomeka "Fully Decrypted", endelea. Ukisomeka kitu kingine chochote, kwanza chukua ufunguo wa kuifungulia diski:

manage-bde -protectors -get C:

Ukitokea ufunguo wa tarakimu 48, uandike kwenye karatasi, si kwenye kompyuta hiyohiyo. Kisha ondoa usimbaji:

manage-bde -off C:

Kazi inaendelea chinichini huku ukitumia kompyuta. Rudia amri ya -status mpaka uone "Fully Decrypted", na usizime kabla ya hapo. Ukishachukua imeji, washa BitLocker tena ukipenda. Kumbuka tu kwamba imeji yenyewe sasa haina kufuli: atakayeipata diski ya nje atasoma kila kitu, kwa hiyo ikae kwenye droo yenye ufunguo. Kama ni kompyuta ya ofisi, usiguse BitLocker bila kuwauliza watu wa TEHAMA.

Ukifanya yote haya na Clonezilla bado ikalalamika kwamba diski ilizimwa vibaya, rudi Windows, andika chkdsk C: /f, jibu Y, restati, iache ijikague, halafu izime.

Hatua ya 3: Washa kwa flashi

Flashi ikiwa imechomekwa, washa kompyuta huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo. Kwa HP ni Esc kisha F9. Chagua flashi. Laptopu iwe kwenye chaji, na kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS.

Hatua ya 4: Ndani ya Clonezilla

Skrini ni ya maandishi matupu na inatisha kidogo, ila unasogea kwa vishale na Enter tu. Kubali lugha na kibodi, chagua Start_Clonezilla, halafu device-image, halafu local_dev. Itakuambia uchomeke diski ya nje: chomeka, subiri sekunde kama tano, Enter. Ukiiona kwenye orodha, bonyeza Ctrl-C.

Kwanza inakuuliza *mahali pa kuweka* imeji, si cha kunakili. Wengi wanachanganya hapa. Chagua patisheni ya diski ya nje, na uitambue kwa ukubwa na jina la kampuni. Usitegemee majina ya sda na sdb ambayo Clonezilla inazipa diski, yanaweza kubadilika kila ukiwasha. Diski ya ndani ya laptopu mpya mara nyingi inaitwa nvme0n1.

Baada ya hapo: Beginner, savedisk. Ipe imeji jina linaloeleweka, kama steshenari-kaunta-2025-11, usiache lile la tarehe tupu. Kisha weka alama kwenye diski ya ndani kwa Space. Maswali yanayofuata yapokee yalivyo, ila lile la kukagua kama imeji inaweza kurudishwa, hakikisha umejibu ndiyo. Linaongeza muda, na usiliruke.

Kama diski ya ndani haionekani kabisa, huenda BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka) imeweka namna ya kuendesha diski kuwa RST au RAID badala ya AHCI. Usibadilishe kiholela, Windows inaweza kugoma kuwaka. Tafuta fundi.

Hatua ya 5: Jaribu kuirudisha

Kama una diski nyingine ya akiba, itoe ya zamani kabisa, funga ya akiba, washa Clonezilla na uchague restoredisk. Amri hii inafuta kila kitu kwenye diski unayoielekeza, ndiyo maana nasema ya zamani iwe nje ya kompyuta. Diski mpya lazima iwe sawa na ya awali au kubwa zaidi. Imeji ya SSD ya GB 256 haiingii kwenye ya GB 240, hata kama data ni GB 60. Kosa hili hutokea sana madukani kwa sababu SSD ya GB 240 ni rahisi kidogo.

Hatua ya 6: Mafaili ya kila siku

Imeji naichukua baada ya mabadiliko makubwa, mfano programu mpya au printa mpya. Kati ya imeji na imeji, mafaili ya kazi yanakiliwe jioni kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili (hapa D: ndiko yaliko mafaili na E: ni diski ya nje, weka herufi zako):

robocopy D:\Kazi E:\Kazi /E /R:1 /W:1

Ukimaliza, iondoe diski kwa usalama na uichomoe. Kirusi cha kudai fidia hakichagui, kinafunga kila diski kinayoikuta imechomekwa. Na mtu akikushauri uweke /MIR badala ya /E, jua kwamba inafuta kwenye nakala chochote kisichopo kwenye chanzo: faili ulilofuta leo kwa bahati mbaya, jioni litafutika na kwenye diski ya nje.