Kung'oa nati ya gitaa la umeme iliyogoma kutoka

Nati ninayoizungumzia si ya boliti. Ni kile kipande chembamba kilichokaa mwisho wa ubao wa freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), karibu na kichwa cha gitaa, chenye mifereji ya kupitishia nyuzi. Za kiwandani nyingi ni za plastiki. Mifereji ikiliwa, uzi ukipigwa wazi, bila kubonyezwa, unakwaruza freti ya kwanza. Kuweka mpya hakusumbui sana. Kinachosumbua ni kuitoa ya zamani bila kuumiza mbao.

Kwanza tazama imekaaje. Kwenye magitaa ya mtindo wa kampuni ya Fender, nati imezama katika mfereji uliochongwa ubaoni, unene wake milimita 3 na kidogo, ina mbao mbele na nyuma. Ya mtindo wa kampuni ya Gibson ni nene zaidi, nayo imeegemea mwisho wa ubao.

Legeza nyuzi, zitoe, laza shingo juu ya taulo lililokunjwa. Chukua wembe mpya ukate vanishi kuizunguka nati yote, mbele, nyuma na kwenye ncha zake mbili. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mara nyingi kiwandani nati hubandikwa kwanza, kisha vanishi ikapuliziwa juu, hivyo nati na shingo vimevaa ngozi moja. Nilipokuwa najifunza niligonga moja bila kukata. Ilitoka, lakini ilibandua kibanzi cha ukubwa wa ukucha, na mwenye gitaa alikuwa amesimama pembeni yangu. Siku hizi napitisha wembe mara tatu au nne, kwa mkono mwepesi, hadi nihisi umegusa mbao.

Sasa gonga. Ya Gibson, weka kijiti cha mbao ngumu upande wa freti, ugonge kuelekea kichwani kwa nyundo ndogo. Ya Fender, isukume kwa ubavu, itoke kwa kuteleza ndani ya mfereji wake. Mapigo mawili matatu mepesi yanatosha. Ikikataa, usiongeze nguvu.

Iliyokataa tunaipasua. Kwa msumeno wa meno madogo, kata katikati kufuata urefu wake, usimame milimita 1 kabla ya kufika chini. Ibane kwa koleo: kuta zake mbili zinalalia ndani, gundi inaachia, vipande vinatoka. Nati ile ulikuwa unaitupa hata hivyo.

Kwangua gundi kuukuu kwa patasi ndogo, mbao usiiguse.

Nati mpya, mimi hupenda ya mfupa, isugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka iingie kwa kusukumwa na kidole na isidondoke gitaa likipinduliwa. Vaa barakoa, vumbi la mfupa si la kuvuta. Mifereji ichonge kwa tupa za nati, iteremkie upande wa kichwa. Kipimo: bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama juu ya freti ya 1. Pabaki upenyo mwembamba kama karatasi, na chini ya uzi mnene uzidi kidogo. Piga tupa mara mbili, pima, rudia.

Mwisho, matone mawili tu ya gundi nyeupe ya mbao, ili fundi atakayekuja baadaye asihangaike. Funga nyuzi, zenyewe zitaikandamiza gundi ikikauka.