Bakshishi kwenye meli za kitalii: somo kwa wanaosafiri kwa mara ya kwanza

Kila wiki napokea ujumbe wenye swali lile lile: je, ni lazima kutoa bakshishi kwenye meli, ni kiasi gani, na apewe nani? Nimeona niandike jibu moja kamili ambalo kila mtu ataweza kulirejea. Ninaishi Houston, na safari zangu zote sita zimeanzia bandari ya Galveston kwenda Cozumel na bandari nyingine za Karibi, kwa hiyo maelezo haya yanahusu zaidi meli za kampuni za Marekani. Penye tofauti kubwa na meli za Ulaya nitaitaja.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwetu, "chai" ya mhudumu aliyekuhudumia vizuri na "chai" ya karani aliyelificha faili lako hutamkwa sawasawa, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu huingiwa na shaka tunaposikia habari za bakshishi. Kwenye meli, fedha hii ni sehemu ya kipato ambacho mhudumu anakitegemea tangu siku aliyosaini mkataba. Haimfungulii mgeni mlango wowote, wala asiyeongeza chochote juu ya ada iliyopangwa hanyimwi huduma.

Hatua ya kwanza: soma bei yote kabla ya kulipia tiketi. Nauli inayotangazwa mara nyingi haijumuishi ada ya huduma ya kila siku, yaani bakshishi ambayo kampuni huikusanya na kuwagawia wafanyakazi, na ambayo kwenye kampuni kubwa za Marekani huwa takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku katika vyumba vya kawaida, na huzidi hapo kwa vyumba vya kifahari. Ukichukua dola 18, familia ya watu wanne kwa siku saba italipa dola 504. Kiasi hicho si kidogo, na aliyekuwa hakukitarajia hukasirika anapokiona kwenye akaunti ya chumba siku ya mwisho. Kiwekeni kwenye bajeti kama sehemu ya nauli. Watoto wengi hulipiwa sawa na watu wazima, ingawa baadhi ya kampuni huwasamehe walio chini ya umri wa miaka miwili au mitatu. Zipo pia kampuni ambazo nauli yake inajumuisha kila kitu, kama Regent, Seabourn na Silversea, ambazo ni za gharama kubwa, na P&O Cruises ya Uingereza ambayo iliacha kutoza ada hii kando mwaka 2019.

Hatua ya pili: ukiweza, ilipe ada hiyo kabla ya safari, pamoja na nauli.

Hatua ya tatu: beba noti ndogo za dola 1, 5 na 10, kwa sababu wageni wote huzitafuta kwa wakati mmoja na meza ya huduma kwa wageni huishiwa.

Hatua ya nne: wapagazi wanaopokea mizigo nje ya jengo la bandari ni wafanyakazi wa bandarini, si wa meli, kwa hiyo ada ya kila siku haiwafikii. Dola 1 au 2 kwa kila begi inatosha, na apewe mkononi.

Hatua ya tano: usiiondoe ada ya kila siku. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Katika safari yangu ya kwanza nilijiona mwerevu. Nilikwenda kwenye meza ya huduma kwa wageni siku ya tatu, nikaomba ada ifutwe kwenye akaunti yetu, na nia yangu ilikuwa njema: niliamini kwamba fedha nikimpa mtu mkononi itamfikia yote, na kwamba nikiipitishia kwa kampuni itapotelea njiani. Jioni ya mwisho nikampa mhudumu wa chumba bahasha yenye dola 60, na mhudumu wa mezani dola 40. Yule wa chumba alinishukuru kwa adabu, akaiweka bahasha mfukoni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimeifuta ada. Nilipokubali, alinieleza kwamba majina ya vyumba vilivyofuta ada yanajulikana kwa wasimamizi, na kwamba kwa kanuni za kazi yao fedha yoyote inayotoka kwenye chumba kama hicho lazima aiwasilishe ili igawanywe kwa wote. Yaani nilikuwa nimempa dola 60 ambazo hakuwa na haki ya kubaki nazo. Na hao "wote" ni watu ambao sikuwahi kuwaona: wanaofua na kupiga pasi mashuka, wanaoosha vyombo, wapishi wasaidizi, wanaosafisha ngazi na vyoo usiku wa manane. Kwa hesabu ya ada niliyoifuta, kundi lile lilikuwa linanidai zaidi ya dola 200, nami nilikuwa nimeshuka melini nikijiona mkarimu.

Si kila kampuni ina kanuni hiyo kwa maneno hayo hayo, lakini ipo katika kampuni kadhaa, na wewe mgeni huna njia rahisi ya kuihakikisha. Kwa hiyo nasisitiza: iache ada ilivyo, na ukitaka kumshukuru mtu zaidi, mwongeze juu yake, kwani nyongeza hiyo kwa kawaida hubaki kwake. Ikiwa huduma ilikuwa mbaya kweli, eleza tatizo siku lilipotokea ili lirekebishwe, badala ya kungoja usiku wa mwisho ukate ada ya watu ishirini kwa kosa la mmoja. Tena msifute ada ya wazazi wenu waliokuja kutembea kutoka nyumbani kwa hoja kwamba "wazee hawali sana". Mashuka yao yalitandikwa kama yenu.

Hatua ya sita: kwenye baa, spa na migahawa ya kulipia, asilimia 18 hadi 20 huwa imeshaongezwa kwenye bei. Hata ukinunua soda kwa mtoto, imo. Risiti utakayosaini huwa na mstari mtupu chini yake wa kuongeza bakshishi nyingine, na wengi huujaza wakidhani bado hawajatoa kitu. Unaweza kuuacha wazi bila aibu yoyote.

Hatua ya saba: bahasha za shukrani. Mimi humwongezea mhudumu wa chumba dola 20 hadi 40 kwa wiki, na mhudumu wa mezani pamoja na msaidizi wake dola 20 kila mmoja, ikiwa tumekula mezani kwao kila jioni. Wapeni jioni ya mwisho. Asubuhi ya kushuka wanatayarisha chumba kwa ajili ya wageni wanaopanda mchana uleule, na huenda usimwone tena unayemtafuta. Andika jina lake kwenye bahasha, na ndani yake sentensi mbili za shukrani. Kisha litaje jina hilohilo katika dodoso ambalo kampuni hukutumia baada ya safari, kwa maana maoni yenye jina husomwa na wasimamizi wakati wa kupandisha watu vyeo.

Hatua ya nane: nahodha, maafisa wa meli na wafanyakazi wa meza ya huduma kwa wageni hawapewi bakshishi.

MASWALI YA WANACHAMA

Msafiri wa Dallas: Sijasoma yote. Kwa kifupi ni dola ngapi?

Jibu: Hatua ya kwanza, ndugu yangu.

Mama Wawili: Dada, asante kwa somo. Mama yangu anakuja kutoka Dar es Salaam na atakuwa nasi melini. Anataka kutoa bakshishi yake mwenyewe kwa shilingi, maana anasema zawadi ya mkono wake ina baraka. Je, watapokea?

Jibu: Watapokea kwa heshima, dada, lakini hawataweza kuzitumia, kwa sababu shilingi zetu ni vigumu kuzibadilisha nje ya Afrika Mashariki. Mbadilishie mama noti za dola kabla ya safari, umpe azitie kwenye bahasha mwenyewe na azitoe kwa mkono wake, na baraka itabaki palepale. Akitaka kuongeza kitu cha nyumbani, pakiti ya majani ya chai au kahawa iliyofungwa kiwandani inafaa. Chakula kilichopikwa nyumbani asibebe, kwa sababu ya kanuni za usafi za meli na za forodha.

Hoja Moja: Mimi sikubaliani. Kwa nini nilipe mshahara wa mfanyakazi wa kampuni yenye faida kubwa? Kampuni iwalipe watu wake. Nitaifuta ada na dhamiri yangu itakuwa safi.

Jibu: Nimeeleza katika hatua ya tano ni nani anayeumia unapoifuta. Kampuni haiumii. Ukitaka kupinga utaratibu huu, chagua kampuni inayojumuisha kila kitu kwenye nauli, nimezitaja nne. Huko ndiko kupinga kwa fedha zako mwenyewe.

Hoja Moja: Kwa hiyo wewe unawatetea matajiri.

Jibu: Hapana. Nawatetea wanaofua mashuka.

Mwanafunzi wa Uchumi: Shikamoo. Naomba kuuliza kwa nia ya kujifunza: kwa nini utaratibu huu umedumu? Je, sheria za kazi za Marekani haziwahusu wafanyakazi hawa, ikiwa meli inaondokea Texas?

Jibu: Marahaba, na swali lako ni zuri. Meli nyingi zinazoondokea Marekani zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, na kwa kiasi kikubwa ni sheria za nchi ya usajili zinazotawala kazi melini, kwa hiyo kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakiwafikii. Kinga yao kubwa ni Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Kipimo kimojawapo ndani yake kinataka baharia apumzike saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Wiki ina saa 168. Ukitoa 77 zinabaki 91 ambazo kwa kipimo hicho mtu anaweza kuwa kazini. Sababu ya pili ni ya kibiashara: mteja hulinganisha nauli zinazotangazwa, na kampuni itakayoingiza ada yote kwenye nauli itaonekana ghali kuliko jirani yake hata kama jumla ni ileile. Ndiyo maana uamuzi wa P&O mwaka 2019 ulizungumzwa sana na wasafiri wa Uingereza.

Mkaazi wa Muscat: Sisi huku Ghuba hupanda meli za kampuni za Ulaya zinazokuja msimu wa baridi. Je, mambo ni hayo hayo?

Jibu: Msingi ni uleule, bwana, ila akaunti ya chumba inaweza kuwa kwa yuro badala ya dola, na ada huandikwa kama gharama ya huduma ya hoteli. Soma masharti ya tiketi uone kama inaweza kubadilishwa au la, kwa sababu kampuni nyingine huihesabu kuwa sehemu ya bei isiyofutika. Noti zako ziwe za sarafu ya akaunti ya meli.

Likoni Hadi Miami: Salaam kwenu. Mimi nilifanya kazi ya dobi melini kwa mikataba minne, ya miezi tisa kila mmoja, na naomba kuthibitisha hatua ya tano. Katika miaka hiyo yote hakuna mgeni aliyewahi kunipa bahasha, kwa sababu hakuna mgeni anayeshuka kule chini. Fungu letu kutoka kwenye ada ya kila siku ndilo nililowatumia watoto karo.

Jibu: Ahsante sana, kaka. Ningependa kila anayesoma somo hili asome maneno yako kwanza kabla ya yangu. Naomba utusaidie jambo moja: mgeni mwenye fedha kidogo ya ziada, ambayo haitoshi bahasha tatu, aitumieje?

Likoni Hadi Miami: Ampe mhudumu wa chumba yote. Ndiye mwenye vyumba vingi na usingizi mchache. Na tafadhali msitoe sarafu za chuma. Nia ni njema, lakini baharia anayetaka kutuma fedha nyumbani au kubadilisha hupokewa noti tu, na sarafu hizo hubaki zikijaa kwenye kopo kabatini. Noti pia ziwe safi na zisichanike. Nimewahi kurudi Mombasa na noti ya dola 20 iliyochorwa kalamu, na maduka matatu ya kubadilishia fedha yakaikataa.

Mama Wawili: Kaka, na kama jina la beji linaonyesha mhudumu ni wa Kenya, ni vibaya kumsalimia kwa Kiswahili mbele ya wageni wengine?

Likoni Hadi Miami: Si vibaya hata kidogo, dada. Msalimie, muulize kwao ni wapi. Usimzuie kwa mazungumzo marefu akiwa amebeba sinia, maana msimamizi anamtazama. Wala usimpe yeye fungu la mwenzake kwa sababu mnaelewana lugha. Aliyekutandikia kitanda ndiye mwenye bahasha ya kitanda, awe wa Mombasa au wa Manila.