Namna ya Kuchagua na Kutunza Buli la Udongo la Yixing

Aliyekulia katika nyumba ya pwani anajua kwamba chungu kilichozoea kupikiwa papa hakifai tena kupikia wali wa nazi, kwa sababu udongo mtupu, usiopakwa kitu cha kuuziba, hunywa harufu ya kila kinachoingia ndani yake. Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyoupa sifa mji wa Yixing, katika jimbo la Jiangsu nchini China, ambako tangu enzi ya wafalme wa Ming, karne kadhaa zilizopita, wafinyanzi hutengeneza mabuli madogo kwa udongo uitwao zisha, yaani mchanga wa zambarau. Buli hilo likitumika kwa chai ya aina moja miaka mingi, udongo wake hukolea chai hiyo, na wapenzi wake husema kwamba kinywaji huwa laini zaidi.

Buli la mkono la Yixing halifinyangwi kwa gurudumu. Fundi huuponda udongo kwa nyundo ya mbao mpaka uwe bamba jembamba, akalikunja na kuliunga, kisha likachomwa katika joto linalozidi nyuzi 1,100 za Selsiasi, na ndiyo maana halivuji jasho kama mtungi wa maji. Mengi yanayouzwa kwa bei rahisi hutolewa kwenye kalibu. Ukiagiza kupitia mfanyabiashara wa Kariakoo anayesafiri kwenda Guangzhou, mwombe ajaze maji ndani ya buli kabla ya kulipa: maji yatoke mdomoni kwa mkondo mmoja usiotawanyika, na akiziba kwa kidole tundu la kifuniko, mkondo ukatike. Alinuse pia likiwa na maji ya moto, na likitoa harufu ya rangi au ya dawa aliache. Kwa watu wawili, ujazo wa mililita 150 unatosha kabisa.

Kabla ya kulitumia, lisuuze vumbi, kisha litie katika sufuria yenye maji baridi, huku kitambaa safi kikiwa chini ili lisigongwegongwe, uchemshe kwa moto mdogo kwa nusu saa na kuliacha lipoe humo humo. Sufuria hiyo isiwe ile ya mchuzi. Maji nayo yana uzito wake, kwani visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvi, ambayo huharibu ladha ya chai na kuacha utando mweupe juu ya udongo, kwa hiyo ni afadhali kutumia maji ya bomba yaliyochujwa au maji ya mvua.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: iliki, tangawizi, mdalasini, maziwa na sukari visiingie kamwe ndani ya buli hili. Chai ya viungo ni chai yetu na ina birika lake. Chai ya punje ndogo, ambayo ndiyo nyingi inayotoka Mufindi na Rungwe, nayo haifai, maana huziba mdomo na kuwa chungu upesi. Tafuta chai nyeusi ya majani mazima, au oolong, yaani chai ya Kichina iliyo kati ya nyeusi na ya kijani, ukachague moja na kubaki nayo.

Pasha buli kwa maji ya moto, yamwage, kisha tia gramu 5 hivi za majani. Mimina maji yanayochemka, funika, na baada ya sekunde 20 mimina chai yote vikombeni bila kubakiza, kwa sababu majani yanayoachwa majini huendelea kutoa uchungu. Majani hayo hayo hutiwa maji tena mara nne au tano, kila mara yakikaa muda mrefu kidogo.

Ukimaliza, toa majani na suuza kwa maji ya moto peke yake, bila sabuni, kwani udongo utainywa nayo. Lipanguse, kisha liache wazi, kifuniko kando, mahali penye upepo hadi likauke ndani na nje. Wakati wa masika, hewa ya jiji ikiwa nzito kwa unyevu, usilifungie kabatini, maana huota ukungu kwa siku chache tu. Likiota, lisugue kwa brashi laini, rudia kulichemsha kama siku ya kwanza, kisha lianike barazani siku nzima.