Kwenda New York kutazama Pinstripe Bowl bila kugandishwa na baridi

Pinstripe Bowl huchezwa Yankee Stadium, kule Bronx, siku chache baada ya Krismasi. Mchezo huu wa futiboli ya Kimarekani kati ya timu za vyuo vikuu ulianza 2010, na unachezwa katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya besiboli. Juu ya kiwanja hakuna paa, mchana joto huwa nyuzi 5 au 6 hivi, na utakaa kitako kwa muda wa saa tatu na nusu. Anayetembea mjini kwenye baridi hiyohiyo hupashwa joto na mwendo wake. Aliyeketi hana kinachompasha. Panga safari yako ukimfikiria huyo aliyeketi.

Timu hutangazwa Jumapili moja mwanzoni mwa Desemba. Hapo zimebaki wiki tatu tu, na vyumba vya New York kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ni ghali mno. Ukiona timu yako ina dalili za kualikwa, shika chumba mapema, ila kiwe kile unachoweza kukifuta bila kukatwa pesa. Tiketi ya ndege subiri tangazo. Wanaofanya kinyume hubaki na safari ya kwenda mji ambao timu yao haichezi. Tiketi ya mchezo nunua kupitia ofisi ya tiketi ya chuo chako: chuo hupewa fungu lake la viti, na huko ndiko utakakoketi na mashabiki wenzako.

Chumba si lazima kiwe karibu na uwanja. Kinachofaa ni kiwe karibu na kituo cha treni namba 4 (Grand Central ni pazuri) au treni D (34th Street–Herald Square, au 59th Street–Columbus Circle). Treni zote mbili zinakufikisha 161st Street–Yankee Stadium bila kubadilisha. Times Square paepuke ikiwa utakuwepo hadi tarehe 31: siku hiyo mitaa yake hufungwa, na kufika mlangoni pa hoteli na sanduku ni kazi.

Fika siku moja kabla ya mchezo, tena kwa ndege ya asubuhi. Ucheleweshaji wa theluji hujilimbikiza kadiri siku inavyokwenda, na ya mwisho ikifutwa huna nyingine. Ukitua LaGuardia, basi la Q70 halina nauli na linakushusha kwenye treni Jackson Heights. Ukitua JFK, panda AirTrain, treni ya uwanja wa ndege, hadi kituo cha Jamaica, kisha treni ya kuingia mjini. Nauli ya treni za chini ya ardhi na mabasi lipa kwa kugusisha kadi ya benki au simu getini. Kadi za zamani za nauli, MetroCard, ziliacha kuuzwa mwishoni mwa 2025.

Sasa mavazi, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Ya kwanza mwilini isiwe pamba. Utatembea kutoka kituoni ukiwa umejifunika, utoke jasho kidogo, pamba ilinywe, kisha ukiketi unyevu ule ukupoze hadi mwisho. Vaa sufu nyembamba au polyester, juu na chini. Suruali ya jinzi peke yake haitoshi. Juu yake sweta nene, halafu koti lisilopitisha upepo na refu la kufunika makalio, kwa sababu kiti cha plastiki hunyonya joto. Miguu huganda kabla ya kingine chochote, kwani inakanyaga zege muda wote. Usivae soksi nzito mbili ndani ya kiatu kinachobana: damu haipiti vizuri, na vidole hufa ganzi upesi zaidi. Soksi moja nene ya sufu na kiatu chenye nafasi ya kuchezesha vidole vinatosha. Tandika kipande cha kadibodi chini ya nyayo. Tofauti utaisikia kabla ya robo ya kwanza kwisha.

Vile vipakiti vya kupasha mikono vina unga wa chuma unaotoa joto ukikutana na hewa. Vifungue dakika 15 au 20 kabla ya kuvihitaji. Kikionekana kufa ndani ya glavu iliyobana, kitoe kipate hewa, kitaamka.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri ikipoa hupoteza nguvu na simu inaweza kuzimika ikionyesha bado ina chaji, nayo ndiyo yenye tiketi yako. Beba na betri ya akiba. Uwanjani hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo kadi iwe karibu. Masanduku na mabegi makubwa acha hotelini. Masharti ya mabegi yasome upya wiki ya mchezo.

Kuwa getini saa moja na nusu kabla ya mchezo kuanza, maana ukaguzi wa watu waliovaa makoti mazito huenda polepole. Kinywaji chagua cha moto. Pombe hufungua mishipa ya ngozi: unahisi joto huku mwili unalipoteza. Mapumziko ni dakika 20, na foleni za choo zinaweza kuyamaliza yote. Tangu 2024 mchezo husimama zikibaki dakika 2 kabla ya mapumziko; inuka hapo, kisha ubaki kwenye korido, penye kinga ya upepo, hadi timu zirudi.

Wakati wa kuondoka, umati hukimbilia treni 4, ambayo jukwaa lake liko juu, wazi kwa upepo. Ya D iko chini ya ardhi katika kituo hichohicho. Kama hoteli yako inafikika kwa zote mbili, teremka ngazi ukaingojee D.