Kabla hujashuka Kibirizi: siku mbili za milima ya Gombe na mji wa Kigoma

Kila ndugu anayetaka kuja Kigoma kwa siku mbili tatu huniuliza swali lile lile: tuanze na mji au tuanze na Gombe? Wengi hupenda kuanza na mji. Wanaona ni busara kupumzika kwanza, wazunguke Ujiji, waonje samaki waitwao migebuka, halafu siku ya mwisho wapande boti kwenda kuona sokwe. Mimi nawajibu kinyume. Anza na milima. Mji hauna mawimbi.

Sababu ni rahisi. Hifadhi ya Gombe haina barabara ya gari ya kukufikisha. Unaingia kwa maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachokaribia mita 1,470, na likichafuka halina habari na tiketi yako ya ndege. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huweza kupuliza siku nzima. Miezi ya masika mvua ya radi huanguka bila kubisha hodi. Ukiiweka Gombe asubuhi ya kwanza baada ya kufika na nahodha akasema leo hapana, unabadilisha tu: leo mji, kesho mlima. Ukiiweka siku ya kuondoka, umeshaipoteza. Nimeona wageni wakimbembeleza nahodha pale ufukweni atoke hivyo hivyo kwa sababu ndege yao ni saa tisa. Nahodha anayekubali kubembelezwa namna hiyo, mimi simpandi.

Kuhusu saa, kuna jambo ambalo watu wa Dar es Salaam na Tanga hulisahau. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini Kigoma iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua linachelewa kwa dakika 40 hivi nyuma ya Dar. Mwezi wa Julai, saa 12 asubuhi hapa bado ni giza. Jua lachomoza saa 1 imeshapita. Ukiambiwa boti inang'oa nanga saa 12 na nusu, njoo na tochi na sweta. Faida yake utaiona jioni: saa 1 bado kuna mwanga, na jua linazama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Panga jioni yako mojawapo iwe pembeni ya maji, Katonga au Bangwe.

Hapo ndipo msimu unapoingia, na msimu ni lazima uchague unachokitaka zaidi. Kiangazi, hasa Julai hadi Oktoba, njia za Gombe ni kavu na sokwe mara nyingi hushuka mabonde ya chini, kwa hiyo huwatafuti sana. Lakini ndiyo miezi ya kuchoma mashamba. Moshi hutanda juu ya ziwa na milima ya Kongo hupotea kabisa, unabaki unatazama ukungu wa rangi ya kijivu. Anayekuja kwa ajili ya mandhari na picha, namshauri Mei: mvua zimekatika, majani bado mabichi, hewa imeoshwa, na ng'ambo unaiona kana kwamba unaweza kuigusa. Novemba hadi Aprili ni mvua. Watu huja, ila miteremko inateleza kama sabuni.

Sasa boti. Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ndipo zinapotoka boti za abiria zinazopita vijiji vya mwambao kuelekea mpaka wa Burundi. Zinapita Gombe na nauli yake ni ndogo, lakini huondoka mchana zikiwa zimesheheni watu, magunia na madumu, na kurudi huwa ni alfajiri, kwa hiyo ni lazima ulale kule. Anayetaka safari yake binafsi, aende na kurudi kwa muda wake, anakodi boti nzima. Boti ya mbao yenye injini ya kupachika itachukua saa moja na nusu hadi mbili. Boti ya kasi, chini ya saa moja.

Kabla ya kutoa kishika uchumba, uliza yote na uyaandike, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu tu. Bei hiyo ni ya boti nzima au ya kichwa? Mafuta yamo? Nahodha atakusubiri pale ufukweni hadi urudi, au atakushusha akafanye shughuli zake? Mkilala, siku ya pili inalipiwa? Kiingilio cha hifadhi na malipo ya mwongoza watalii yamo au ni juu yako? Mali bila daftari huisha bila habari, na bei ya boti ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe, mwenyeji, niliwahi kupatana bei kwa mdomo na mtu niliyemfahamu. Tulipofika katikati ya ziwa akapunguza injini, akageuka taratibu: "Kaka, ile ilikuwa ya boti. Mafuta tunaongeleaje?" Utabishana wapi pale? Nililipa.

Jambo la pili kuhusu boti ni majaketi okozi. Usiulize kama yapo. Sema unataka kuyaona, na uvae lako kabla boti haijatoka. Hesabu ya majaketi ilingane na ya watu, pamoja na mtoto na yule kijana wa nahodha. Uliza pia kama kuna turubai la kujikinga jua, maana mionzi inayorudi kutoka majini inachoma kuliko ya barabarani. Mtu mwenye kichefuchefu cha maji ale kitu kikavu asubuhi, asipande na tumbo tupu wala na supu ya nguvu.

Malipo ya hifadhi yamalize mjini. Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu mlangoni. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa benki, kadi au simu. Ukingoja ufike Kasekela, kituo cha Gombe unakoshukia, ambako mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, utakaa ufukweni ukiinyanyua simu juu. Na ukiwa kaskazini kule simu yaweza kudaka mtandao wa nchi jirani, salio likayeyuka bila wewe kupiga. Zima huduma ya kutumia mitandao ya nje. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo mno kuliko wageni wa mbali, lakini uraia huo unathibitishwa kwa kitambulisho, si kwa lafudhi. Kigoma ni mkoa wa mpakani na kuulizwa kitambulisho ni jambo la kawaida, kwa hiyo cha NIDA au pasipoti kiwe mfukoni siku zote.

Umri na afya ndivyo vinavyowaumiza watu zaidi, kwa sababu huvigundua wakiwa wameshafika. Mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi kupanda kufuata sokwe Gombe. Shemeji yangu alikuja na binti yake wa miaka 13, amefaulu vizuri, safari ndiyo zawadi yake. Hakuna aliyewaambia, nami sikuuliza umri. Binti alishinda ufukweni na mama yake akiwatazama nyani wakati baba anapanda mlima. Hadi leo sijui zawadi ile ilikuwa ya nani. Ukiwa na mtoto wa umri huo, fanya safari ya mji na ziwa tu, Gombe aje akikua.

Afya nayo ni hivi: ukiwa na mafua, kikohozi au homa, huruhusiwi kuwakaribia sokwe, na usifiche. Maradhi yetu ya kifua yanawaambukiza na yameshawaua. Utapewa sharti la barakoa, la kukaa mita 10 kutoka kwao na la kuwatazama kwa saa moja. Beba barakoa zako mbili tatu. Na muulize mapema aliyekuandalia safari: nikiugua usiku wa kuamkia safari, fedha yangu inakuwaje?

Mlima wenyewe usiudharau kwa sababu hifadhi ni ndogo. Ni ukanda mwembamba unaoanzia ufukweni, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ukapanda hadi zaidi ya mita 1,500 juu ya ukingo wa bonde la ufa. Maana yake hakuna tambarare. Unatoka mchangani na kuanza kupanda papo hapo, mahali pengine ukishika mizizi. Sokwe hawafuati ratiba. Wanaweza kuwa dakika 20 kutoka Kasekela, wanaweza kuwa mwendo wa saa nne. Anayefanya kazi ya kukaa ofisini aanze kutembea vilima wiki mbili kabla, na asione haya kumwambia mwongozaji apunguze mwendo. Maporomoko ya Kakombe ni matembezi mafupi, yanamtosha asiyetaka kupanda juu. Kileleni, pale Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipokuwa akikaa na darubini yake baada ya kufika Julai 1960, kunataka pumzi. Ila ukifika pale unaona mabonde yote yakishuka ziwani kama mikunjo ya kanga, na unaelewa kwa nini alipachagua.

Viatu viwe vyenye meno, vilivyokwisha kuzoea mguu. Suruali ndefu, uichomeke kwenye soksi, maana siafu wa Gombe hawabishi hodi. Maji lita mbili kwa kila mtu. Chakula beba kutoka mjini: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. Lakini usile ukitembea ufukweni. Nyani wa pale wanaijua mifuko kuliko konda, na mlango wa chumba ukiuacha wazi wataingia. Mfuko wa plastiki usibebe kabisa. Umepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Malaria ipo, basi chandarua, dawa ya mbu na mikono mirefu jioni. Kuogelea ni tamu, maji yale ni maangavu, lakini uliza wenyeji wa pale pale: sehemu moja ni salama, nyingine ina mamba au kichocho.

Mji hautaki maandalizi mengi, nusu siku hadi siku nzima inatosha. Kodi bajaji kwa saa au tumia daladala za Mwanga na Ujiji, sehemu za mji huu huu. Stesheni ya reli, jengo la Wajerumani, iko chini kabisa ya Barabara ya Lumumba. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914 na jengo bado linafanya kazi. Ulizia MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili, kama iko bandarini kabla hujawaahidi watoto. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa makasha hadi hapa, ikashushwa majini 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 baada ya kuzipaka mashine zake grisi, Waingereza wakaiibua 1924. Bandarini usitoe kamera bila kuomba ruhusa. Hilo si la kujaribu.

Ujiji itengee saa mbili, na uende na mtu wa kukusimulia. Ukienda peke yako utaona jiwe la kumbukumbu, miembe na sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana, basi. Walikutana hapo mwaka 1871, na wakati huo maji yalikuwa karibu. Leo unasimama mbali na ziwa ukajiuliza boti zilifika vipi. Ziwa hili hupanda na kushuka, na miaka ya karibuni limepanda tena likameza nyumba na njia za pwani, kwa hiyo ramani ya zamani ya ufukwe usiitegemee. Muulize mwenyeji wako pia habari za misafara ya watumwa na pembe iliyoishia hapa, maana Ujiji ilikuwa mji kabla ya wazungu hao wawili, na habari hiyo ndiyo nzito. Ni mji wa Kiislamu: mavazi ya heshima, na Ijumaa adhuhuri usitegemee kila duka kuwa wazi. Shuka hadi ufukweni uwaone mafundi wakipigilia mbao za boti. Ukitaka kumpiga picha fundi, msalimie kwanza.

Mwisho ununuzi, nao ufanye siku ya mwisho: dagaa, mawese, vitenge vya Mwanga. Mawese yafungwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, dumu liingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Kama unarudi kwa ndege, uliza shirika lako kabla ya kununua, maana dagaa wana harufu yao na mizani ya uwanjani haina udugu. Kwa treni na basi hakuna atakayekuuliza. Wenzako wote ndani wamebeba vile vile.